Kanisa la Matombo na Watu wa Milima ya Uluguru

Ukitoka Morogoro mjini kwa barabara ya Kisaki, unapita Bigwa, Kiroka na Mkuyuni, na muda wote huo milima ya Uluguru iko mkono wako wa kulia. Unapanda, unashuka, unavuka vijito vingi ambavyo maji yake yote yanakwenda kuingia mto Ruvu. Baada ya kilomita 50 hivi unaona juu yako mawe makubwa mawili yamesimama pamoja. Hapo umefika Matombo. Kwa Kiluguru matombo ni maziwa ya mama, na ukiyatazama mawe yale huna haja ya kuuliza zaidi.

Chini ya mawe hayo pana misheni ya Kikatoliki ambayo ni kati ya misheni za zamani za milimani. Wahitimu wengi wa kisomo wa upande huo wamekuwa wakituuliza: kanisa lile lilianzaje? Nani alilijenga? Ardhi ilikuwa ya nani? Leo tutajaribu kueleza. Tunajua gazeti la kijijini ni la wote, Mwislamu na Mkristo, na asiye na dini vile vile. Kinole na Mkuyuni wako Waislamu wengi, Matombo wako Wakristo wengi, na mara nyingi ni ndugu wa tumbo moja. Basi hatuelezi habari za dini hapa. Tunaeleza habari za kijiji. Lakini huwezi kueleza kijiji cha Matombo ukaliruka kanisa, kama vile huwezi kueleza Kilwa ukaruka msikiti wake mkubwa.

Kwanza tuelewane juu ya maneno. Parokia ni eneo lenye kanisa moja kubwa na padri wake. Chini ya parokia kuna vigango, yaani makanisa madogo ya vitongojini, na kila kigango kina katekista wake. Mpango huu ni wa zamani sana huko Ulaya. Uingereza, kwa mfano, karibu kila kijiji kikongwe kina kanisa la parokia la mawe, na watu wa pale wakitaka kujua historia ya kijiji chao huanzia kanisani. Mwaka 1538 serikali ya mfalme wao iliamuru kila parokia iwe na daftari la kuandika ubatizo, ndoa na maziko. Kwa hiyo leo mkulima wa kawaida wa Uingereza, ambaye babu zake hawakuwa matajiri wala mashujaa, anaweza kumtafuta babu wa babu yake katika daftari na kumpata. Daftari ni kitu kidogo, lakini limefanya watu wadogo wasipotee.

Je, sisi tunaweza? Tutaona mbele.

KABLA YA MISHENI

Waluguru maana yake ni watu wa mlimani. Walipanda huko kutoka sehemu mbalimbali, ukoo mmoja mmoja, na kila ukoo ukashika bonde lake. Ukoo huitwa lukolo, na mtoto ni wa lukolo wa mama yake. Ndiyo sababu Uluguru mjomba ana nguvu. Jina la upande wa baba, yaani mtala, mtoto hulipata pia, lakini shamba analirithi kwa akina mama yake.

Ardhi ilikuwa ya lukolo, na mtunzaji wake alikuwa mzee aitwaye mndewa. Mgeni akija kuomba mahali pa kulima alipewa. Kila mwaka alipeleka zawadi ndogo kwa mndewa, iitwayo ngoto. Tafadhali mkumbuke neno hili ngoto, tutalirudia. Ngoto haikuwa bei ya shamba. Ilikuwa ni namna ya kusema: mimi bado najua kwamba shamba hili ni lenu, mmeniazima tu.

Hapakuwa na mfalme mmoja wa Uluguru yote. Mkubwa aliyesikika mbali alikuwa Kingalu wa Kinole, ambaye watu walimwendea kwa ajili ya mvua. Na kule chini bondeni, karibu na mahali ulipo mji wa Morogoro sasa, alikuja mtu wa Uzigua aliyeitwa Kisabengo, akajenga mji wenye ukuta. Baada yake akatawala binti yake, Simbamwene. Mwandishi Stanley alipita hapo mwaka 1871 akienda kumtafuta Livingstone, akaustaajabia ukuta huo na minara yake. Aliporudi mwaka 1872 akakuta mafuriko yamebomoa ukuta na sehemu kubwa ya mji. Mvua za mwaka huo zilikuwa za ajabu. Tufani ya mwaka huo huo ilivunja hata nyumba za Bagamoyo na mashamba ya mikarafuu ya Unguja.

Zama hizo zilikuwa za biashara ya watumwa. Mtu aliyeishi tambarare hakulala vizuri. Mlimani kulikuwa na usalama zaidi, na hii ni sababu mojawapo ya milima ile kujaa watu namna ile.

KUTOKA BAGAMOYO KUJA MLIMANI

Mapadri wa kwanza walifika Unguja mwaka 1860 wakitoka kisiwa cha Réunion. Miaka mitatu baadaye kazi ile ilichukuliwa na Shirika la Roho Mtakatifu, na mkubwa wao alikuwa Padri Horner. Mwaka 1868 walivuka bahari wakaanza misheni ya Bagamoyo. Waliwakomboa watumwa, hasa watoto, kwa kuwanunua sokoni Unguja, wakawafundisha dini na kazi za mikono: useremala, uhunzi, ujenzi, kilimo. Mwaka 1870 Horner alisafiri mpaka Ukami, yaani nchi hii hii tunayoielezea, kuangalia kama misheni inaweza kuanzishwa.

Mpango wao wa mwanzo ulikuwa wa namna yake. Vijana waliokombolewa wakishakua walioana wao kwa wao, kisha padri aliwachukua wachache, mume na mke, akaenda nao bara kuanzisha kijiji kipya cha Kikristo. Ndivyo ilivyoanza Mhonda mwaka 1877, halafu Mandera, Morogoro na Tununguo katika miaka ya 1880. Kwa hiyo wakazi wa kwanza wa misheni hizo hawakuwa wenyeji wa hapo. Walikuwa watu waliotekwa mbali, wengine hata kwao hawakupakumbuka, wakaletwa kuanza ukoo upya chini ya msalaba. Wenyeji waliwatazama kama watu wa padri. Sisi tunaona huu haukuwa mpango rahisi kwa yeyote, na si ajabu kwamba baadaye mapadri waliuacha.

Matombo ilianza baadaye kidogo, mwaka 1897, na hapo njia ilikuwa nyingine. Padri hakuja na kijiji chake mkononi. Alikuja kwenye vijiji ambavyo tayari vilikuwapo, vyenye lukolo zake, wandewa wake na mizimu yake. Ilimbidi aombe mahali.

Hapa ndipo neno ngoto linaporudi. Mzee akimpa mtu ardhi kwa desturi ya Uluguru, alijua moyoni kwamba ardhi haiondoki. Lakini Wadachi walikuwa wamekwisha kushika nchi. Ukami ilikuwa moja ya nchi nne ambazo Carl Peters alizifanyia zile karatasi zake za mapatano mwaka 1884, na mwaka 1895 serikali ya Kidachi ilitoa sheria kwamba ardhi yote isiyokuwa na mwenyewe wa kuonyesha hati ni ya serikali. Mluguru angeonyesha hati gani? Hati yake ilikuwa kaburi la babu yake na mti wa tambiko. Basi katika nchi nzima, mahali palipokuwa na misheni au shamba la mzungu, mara nyingi zilikuwapo akili mbili juu ya uwanja mmoja. Mzee alisema nimeazima. Karatasi ilisema imetolewa. Kwa muda mrefu hakuna aliyegombana, kwa sababu aliyekuwa anajua kusoma alikuwa mmoja tu.

Mwaka ule wa 1897 ulikuwa na mambo mengi. Novemba ilipitishwa sheria ya kodi ya nyumba, iliyoanza kutozwa mwaka uliofuata. Na huko India, Agosti 1897, daktari mmoja wa Kiingereza, Ronald Ross, aliona vijidudu vya malaria ndani ya tumbo la mbu. Tunalitaja hili kwa makusudi. Nenda kwenye makaburi ya mapadri na masista ya Bagamoyo ukasome majiwe. Utakuta vijana watupu, wengine walikaa nchini mwaka mmoja tu, au hata miezi. Wakati ule watu waliamini homa inaletwa na hewa mbaya ya mabondeni, ndiyo sababu mzungu alipenda kupanda mlimani. Dawa waliipata kwa bahati: mlimani mbu ni wachache. Sababu yenyewe hawakuijua.

KUJENGA

Msomaji atazame kanisa lolote la zamani la milimani kisha ajiulize swali moja: vitu hivi vilifikaje hapa?

Reli ya Kati ilifika Morogoro mwaka 1907. Kabla ya hapo, kila msumari, kila kioo, kila bati na kila chupa ya divai ya misa ilitoka pwani juu ya kichwa cha mtu. Mzigo wa mpagazi mmoja ulikuwa kilo 30 hivi. Kengele haigawanyiki katika mizigo ya kilo 30. Kengele kubwa ilifungwa kwenye mti, ikabebwa na watu wengi kwa zamu, ikavushwa mito. Hata baada ya reli kufika, kutoka stesheni mpaka milimani bado palikuwa na miguu ya watu tu.

Kwa kawaida misheni ilianza na kibanda cha miti na nyasi. Mvua ya Uluguru siyo mchezo, na mchwa naye hana dini, kwa hiyo kibanda hakikudumu. Ndipo lilipokuja kanisa la kudumu. Udongo wa mfinyanzi ulichimbwa, ukakanyagwa kwa miguu, ukatiwa kwenye vibao, matofali yakaanikwa, yakapangwa kuwa tanuri na kuchomwa kwa kuni nyingi. Mawe yalivunjwa na kuletwa. Chokaa ilichomwa. Mbao zilipasuliwa msituni kwa msumeno wa watu wawili, mmoja juu na mmoja chini ya shimo. Fundi mkuu mara nyingi alikuwa bruda, yaani mtawa asiye padri, ambaye huko kwao alikuwa seremala au mwashi. Vijana waliofanya kazi chini yake ndio waliokuja kuwa mafundi wa kwanza wa nyumba za matofali vijijini.

Na maji? Maji ya kukanyagia udongo na kuchanganyia chokaa yalipandishwa na akina mama. Sisi hatujaona kanisa hata moja ambapo jambo hili limeandikwa ukutani. Huwa wameandika mwaka, na pengine jina la padri au askofu. Lakini tangu lini matofali yakajikanyaga?

SHULE NA MWALI

Kanisa lilikuja na shule. Usifikirie shule za siku hizi. Ilikuwa banda, katekista mmoja, ubao mmoja, na watoto wakiimba silabi. Waliita shule za porini. Zilifundisha sala, kusoma na kuandika kidogo, na lugha yake ilikuwa Kiswahili. Mapadri wa Bagamoyo walikishughulikia sana Kiswahili. Mmoja wao, Padri Sacleux, alitunga kamusi nene ya Kiswahili na Kifaransa iliyotoka mwaka 1939, na mpaka leo wataalamu wa lugha wanaifungua.

Lakini shule iligongana na mila. Msichana wa Kiluguru akivunja ungo alikuwa mwali. Aliwekwa ndani, asionekane nje, miezi mingi, hata miaka. Alifundishwa na bibi zake mambo ya mwili, ya nyumba na ya heshima, kisha akatolewa kwa ngoma kubwa. Padri alitaka msichana awe darasani na kanisani. Bibi alitaka awe ndani. Mwanzoni mapadri walipinga mambo haya kwa ukali, hasa ngoma zake. Ikawaje? Watu walifanya vyote viwili. Asubuhi kanisani, usiku ngoma. Baadaye pande zote mbili zililegeza: siku za kukaa ndani zikapungua, na baadhi ya mapadri wakajifunza kwamba si kila ngoma ni ya shetani.

Wapo wanaosema misheni iliua mila za Waluguru. Wapo wanaosema ilileta nuru tu. Sisi tumekaa na wazee wa pande zile na tunaona kwamba wote wawili wanawafanya babu zetu wawe kama udongo wa kufinyangwa. Hawakuwa hivyo. Walichagua. Walikwenda kwa padri kutafuta dawa ya kidonda, wakaenda kwa mganga kwa jambo lingine, na kila mmoja walimwambia kiasi alichohitaji kujua.

VITA YA WATU WENGINE

Mwaka 1916 vita vya Wadachi na Waingereza vilifika Morogoro. Mwishoni mwa Agosti jeshi la Jenerali Smuts liliingia mjini, na Wadachi wa von Lettow-Vorbeck wakarudi nyuma wakipita pande zote mbili za milima ya Uluguru. Upande wa mashariki ni barabara hii hii ya Matombo. Waingereza waliwafuata, na kwa miezi mingi chakula na risasi za jeshi vilipita njia hiyo kutoka stesheni ya Mikese kwenda kusini.

Hapa pia mnyama wa mzigo alikuwa mtu. Ng'ombe, punda na farasi walikufa kwa ndorobo, magari yalizama kwenye matope, kwa hiyo wapagazi wakakamatwa vijijini na pande zote mbili. Kikosi chao kwa Waingereza kiliitwa Carrier Corps, na hilo ndilo jina lililogeuka kuwa Kariakoo ya Dar es Salaam. Walikufa maelfu kwa maelfu, wengi wao kwa njaa, kuhara na homa, si kwa risasi.

Huko Uingereza, ukiingia katika kanisa la karibu kijiji chochote, au ukisimama uwanjani kwake, utakuta jiwe lenye majina ya vijana wa kijiji hicho waliokufa katika vita vya 1914 hadi 1918. Jina moja moja, hata kama ni kijiji cha nyumba 40. Sisi tunayo Sanamu ya Askari pale Dar es Salaam, iliyowekwa mwaka 1927. Ni sanamu nzuri, na inawataja wapagazi kwa jumla. Lakini haina jina la mtu wa Matombo wala wa Mgeta.

Jambo moja dogo la kueleza hapa. Mapadri wengi wa zama za Wadachi walikuwa watu wa Alsace, jimbo ambalo Ujerumani iliinyang'anya Ufaransa mwaka 1871 na kulirudisha baada ya vita. Kwa hiyo walisema Kifaransa na Kijerumani, na waliweza kuishi chini ya serikali yoyote. Katika miaka ya 1930 kazi ilishikwa na Waholanzi, na wazee wengi wa leo wakisema padri wa zamani wanamkumbuka Mholanzi.

MATUTA YA 1955

Sasa tunafika kwenye jambo ambalo wazee wa Matombo hulieleza kwa sauti ya chini hata leo.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, serikali ya Kiingereza iliona udongo wa Uluguru unateremka na maji kwenda Ruvu. Hilo lilikuwa kweli, hakuna anayebisha. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakaleta mpango wa kuhifadhi ardhi. Kila familia ilitakiwa kuchimba matuta ya ngazi kwenye shamba lake. Asiyechimba alitozwa faini.

Mpango ulikuwa na kosa ambalo mkulima aliliona mara moja, na bwana shamba hakuliona. Upande wa mashariki wa milima, udongo mzuri ni tabaka jembamba la juu. Ukikata ngazi ndani ya mlima, unaufukia udongo huo na kuleta juu ule mwekundu usio na nguvu. Mahindi yanakuwa ya manjano. Kazi ni ngumu kupita kiasi, na wengi wa waliochimba walikuwa akina mama. Tena palikuwa na hofu kubwa: kwamba wazungu wanatengeneza mashamba haya ili baadaye wayachukue. Tukikumbuka mambo ya ngoto na karatasi, hofu hiyo haikuwa ya kijinga.

Huko Mgeta, upande wa magharibi, wakulima walikuwa na namna yao ya matuta ya kufukia majani, na kilimo cha mboga kiliwalipa. Ukichimba kitu kinachokulipa hulalamiki sana. Mashariki hapakuwa na malipo hayo.

Julai 1955 watu walikusanyika Matombo kwa hasira. Polisi walikuja. Risasi zilipigwa, na mtu mmoja akafa. Baada ya hapo serikali iliuacha mpango wa kulazimisha matuta. Ilikuwa mwaka mmoja tu baada ya TANU kuanzishwa, na habari za matuta zilifanya wengi milimani wachukue kadi. Sisi tunaofundisha watu wazima tunalitumia jambo hili kila mara tunapozungumza na mabwana shamba vijana. Nia njema na ramani nzuri havikutosha. Aliyekuwa na habari muhimu kuliko zote alikuwa mama mwenye jembe, na hakuulizwa.

MIAKA ILIYOFUATA

Hayo mengine tutayapitia haraka. Mwaka 1953 Morogoro ilifanywa jimbo kamili la Kanisa. Mwaka 1966 aliteuliwa askofu wa kwanza Mwafrika, Adriani Mkoba. Mwaka 1969 ilitungwa sheria ya elimu iliyozifanya shule za mashirika ya dini kuwa za taifa. Mwaka 1970 Mwalimu Nyerere aliuita Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na wengi wa bibi na babu zetu walishika kalamu kwa mara ya kwanza, jioni, wakiwa wamechoka kwa jembe. Katika nchi nzima, wasiojua kusoma walikuwa kama 67 kati ya kila watu wazima 100 mwaka 1967. Mwaka 1981 walibaki kama 21. Madarasa mengi yalikaa chini ya miembe, mengine katika vibanda vya vigango na vyuo vya Kurani.

DAFTARI

Tulisema tutarudi kwenye daftari. Kila parokia ya Kikatoliki ina vitabu vya ubatizo. Vile vya zamani mara nyingi vimeandikwa kwa Kilatini, kwa mkono, na wino umegeuka rangi ya kahawia. Mstari mmoja mmoja: tarehe, jina la ubatizo, jina la baba, jina la mama, kijiji, jina la msimamizi, sahihi ya padri. Usiogope Kilatini. Tarehe ni tarehe, na jina ni jina.

Mwaka juzi tulikwenda na kikundi cha wahitimu wa kisomo katika parokia moja ya mlimani. Padri alikubali kutufungulia kitabu, ila alituomba tunawe mikono kwanza. Mama mmoja katika kikundi, mwenye umri wa miaka 70 na kitu, alitaka kumtafuta marehemu mama yake. Ilituchukua karibu saa nzima. Katekista alisoma, sisi tulifuata kwa kidole. Mwisho yule mama mwenyewe ndiye aliyeliona, kwa sababu alikuwa anatafuta neno moja tu wakati sisi tulikuwa tunatafuta mstari.

Alilisoma polepole, silabi kwa silabi. Halafu akanyamaza. Tukamuuliza, "Vipi, Bibi, siye?"

"Ndiye," akasema. "Lakini hili ni jina la padri. Nyumbani hakuna aliyemwita hivi. Na lukolo wake hawakuandika."

Ilikuwa kweli. Kitabu kilikuwa na jina la ubatizo na jina la baba. Lukolo, kitu ambacho kwa Mluguru ndicho kinachosema mtu ni nani na shamba lake liko wapi, hakikuwa na nafasi katika mistari ile. Padri aliyeandika hakukusudia ubaya. Aliandika kama alivyofundishwa kwao, ambako ukoo unafuata baba.

Wengine katika kikundi wakaanza kusema, mmoja baada ya mwingine. Yuko aliyekuwa na kesi ya shamba na watoto wa mjomba, na alitaka kujua bibi yake alizaliwa kijiji gani. Alipata jina la kijiji, na tarehe. Alinakili kwenye karatasi na kuikunja vizuri sana. Yuko mzee ambaye baba wa babu yake alichukuliwa upagazi mwaka 1916 na hakurudi. Huyo hakuna daftari lililomwandika popote, wala la ubatizo, kwa kuwa hakubatizwa, wala la jeshi tunalolijua sisi.

Tulipotoka nje yule bibi aliomba daftari la mazoezi, zile za kurasa 48. Akaketi kwenye ngazi za kanisa akaandika kwa herufi kubwa jina la mama yake, lile la nyumbani. Chini yake akaandika lukolo. Chini yake kijiji. Mzee wa mpagazi alikuwa amesimama nyuma yake, akasema, "Na mimi niandikie wangu." Bibi akamjibu kwamba kalamu anayo na kisomo alimaliza, aandike mwenyewe. Akaandika.

Daftari hilo liko kwa mwenyekiti wa kikundi. Limefika ukurasa wa kumi na moja. Majina ya wapagazi wameyapa ukurasa wao, na majina ya akina mama waliosimuliwa kuwa walibeba maji ya kujengea kanisa wameyapa ukurasa mwingine. Mara ya mwisho tulipopita huko walikuwa wanabishana kama waandike pia jina la mndewa aliyetoa uwanja, kwa sababu koo mbili zinadai alikuwa wao.